Mgongo wa mbeba boksi

Ukikaa na Watanzania wa hapa Minnesota kwenye sherehe yoyote, iwe kipaimara, kichenpati au mtu kapata uraia, subiri tu watu washibe pilau. Mazungumzo yataanza na siasa za nyumbani, yatapita kwenye bei ya tiketi za Desemba, na mwisho yatafika mgongoni. "Mwenzangu, kiuno hiki!" Mmoja atasema siku hizi halali bila mto katikati ya magoti. Mwingine ana dawa ya kuchua aliyoletewa na shemeji kutoka Dar. Mwingine atafungua pochi na kutoa diklofenaki kama anayegawa pipi. Waangalie wanaume: viti vipo ila wao wameegemea ukuta, wanahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Hao ndio wabeba boksi wenyewe mnaowatania huko nyumbani, sisi wa kazi za sulubu ughaibuni.

Nimekaa kuandika haya kwa sababu kaka yangu wa Tanga alinipigia juzi, nikamwambia mgongo umenibana tena, akacheka. "Si uko Marekani wewe? Nenda hospitali." Kaka yangu ni mtu mzima, mwalimu, hana ubaya. Anaamini tu kwamba huku ukishaingia mlango wa hospitali, mashine zinafanya kazi yake na kila mtu anatoka amepona. Nilishindwa kumweleza kwenye simu, salio lake lilikuwa linaisha na mimi nilikuwa nachelewa zamu. Basi asome hapa. Kaka, hospitali zipo. Ila mgongo wa huku una tabaka na una rangi, na mambo yanaharibika zamani kabla hujafika mapokezi.

Mimi nilianza na boksi lenyewe, kwenye ghala moja kubwa nje kidogo ya Minneapolis, zamu ya usiku. Baadaye nikasomea cheti cha unesi msaidizi nikahamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilijiona nimepanda cheo. Kwa mshahara, kidogo. Kwa mgongo, nilitoka kwenye mzigo usiojitikisa nikaenda kwenye mzigo unaojitikisa, unaoogopa kuanguka, na ambao ukiogopa unakukaba shingo.

Wasiojua kazi hii wanadhani ni kulisha uji na kubadilisha shuka. Ngoja niwaeleze kumtoa mzee kitandani. Mzee ana kilo tisini na kitu, upande wake wa kulia umepooza. Unamgeuza ubavu, unampitishia chini ya mgongo kitambaa kigumu chenye vitanzi vinne, unamrudisha upande wa pili ili ukivute kitambaa kitokeze sawasawa. Hapo umeshainama mara mbili na kujipinda kiuno mara mbili. Kisha unasogeza mashine yenye mkono wa chuma, unaning'iniza vitanzi kwenye ndoano, unabonyeza kitufe, naye anapanda polepole. Mwenzako anatakiwa awe upande wa pili ameshika miguu asije akayumba. Ndivyo ilivyoandikwa ukutani: watu wawili. Lakini mmoja wenu hakuja leo, mashine ya ghorofa hii betri imekwisha, ile nyingine iko juu na wenzako wanaitumia, na mzee amejilowesha na anakuita kwa sauti ya kuaibika. Utafanyaje? Unamfunga mkanda wa kiunoni, unapanua miguu, unahesabu moja, mbili, tatu, mnanyanyuka wote.

NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini, ina kipimo chake. Mtafiti wao Thomas Waters alikiandika mwaka 2007: mhudumu asinyanyue kwa mikono zaidi ya paundi 35 za uzito wa mgonjwa, yaani kama kilo 16, na hiyo ni pale mambo yote yanapokwenda vizuri. Kwetu hakuna mkazi wa kilo 16. Mwaka huohuo Minnesota ilipitisha sheria ya kuzitaka hospitali na nyumba za wazee kuwa na mpango wa kunyanyua wagonjwa kwa usalama, kwa vifaa. Vifaa tunavyo, sitasema uongo. Sheria haikusema betri ichajiwe na nani. Na kwa nchi nzima hadithi ni fupi zaidi: Novemba 2000 serikali ya Clinton ilitoa kanuni ya kuwabana waajiri kuhusu majeraha ya kunyanyua na kurudiarudia kazi ileile, na Machi 2001 Bunge likaifuta, Bush akatia saini. Kanuni haikumaliza hata nusu mwaka.

Sasa tazama nani yuko kwenye zamu. Jioni tuko Waliberia, Wakenya, Waethiopia, Wasomali, dada mmoja wa Kifilipino, na Mzungu mmoja wa Iron Range, kule kaskazini kwenye migodi ya chuma. Ukishuka ofisini chini, rangi zinageuka. Mtu akiniuliza ubaguzi kwenye maumivu ya mgongo unaanzia wapi, sianzi na daktari. Naanza na ratiba ya zamu iliyobandikwa karibu na jiko.

Mgongo wangu haukuumia siku moja. Hakukuwa na kishindo, sikuanguka. Ulianza kwa kukaza asubuhi, kiunoni kushoto, nikawa nasogeza mguu kwa mkono ili nishuke kitandani. Kisha maumivu yakashuka kwenye kalio, yakapita nyuma ya paja, yakatua kwenye shavu la mguu, na vidole viwili vya pembeni vikawa na ganzi. Nilipiga mswaki nimeshika sinki kwa mkono mmoja. Kitu kilichonitesa kuliko vyote ni soksi. Januari ya Minnesota huwezi kutoka bila soksi nzito na buti, na mimi nilikuwa nakaa kwenye ngazi, namwita binti yangu anivalishe.

Kliniki niliyokwenda siitaji, na daktari sina ugomvi naye. Kijana mpole, amenisalimia vizuri, amenikosea jina kwa adabu. Akaniuliza maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Nikasema sita. Kwa malezi yangu, kumi ni mtu anayekata roho, na mwanamke aliyezaa hawezi kumwambia kijana wa watu kwamba kiuno kimefika tisa. Akaandika sita. Kisha akaniuliza kama nimewahi kutumia dawa za kulevya. Nikasema hapana. Akaniuliza kama kuna mtu nyumbani anayetumia. Hapana. Akaniuliza tena kwa njia nyingine, kama nilishawahi kupewa vidonge vikali vya maumivu na nani aliniandikia. Nilikuwa sijaomba kidonge chochote. Mwisho akaniandikia ibuprofeni, akaniambia nipunguze uzito, na nipumzike kunyanyua vitu vizito "kama inawezekana".

Kama inawezekana. Nilirudi kazini jioni hiyohiyo.

Na kazini kuna bibi mmoja, nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Mzungu, mwalimu mstaafu, mcheshi, anapenda kuniuliza habari za Bahari ya Hindi. Ana ugonjwa unaofanana sana na wangu: kiuno, kushoto, unashuka mguuni. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anamfuata chumbani. Alipelekwa kwa mtaalamu wa maumivu akachomwa sindano kwenye uti wa mgongo. Mwanawe akipiga simu, nesi mkuu anasimama kuongea naye. Hakuna aliyemuuliza habari za dawa za kulevya, au kama aliulizwa basi ni mara moja tu na kwa kucheka. Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua ninavyotembea. "Usimwambie daktari unavumilia," aliniambia nikiwa namfunga vifungo. "Mwambie kitu usichoweza kufanya." Sina kinyongo naye hata kidogo. Alifundisha watoto miaka yote hiyo, anastahili kila anachopata. Ila kuna jioni namnyanyua kutoka kwenye kiti, wote tunaguna kwa pamoja, na najua kabisa kwamba hapa mgongo mgonjwa unaunyanyua mgongo mgonjwa, mmoja una faili nene na mwingine una ibuprofeni.

Nikaanza kusoma. Usiku wazee wakilala, ukishamaliza kuandika kumbukumbu, kuna saa moja ya ukimya. Sikutafuta mambo ya ubaguzi, nilitafuta mgongo. Ubaguzi ndio ulionikuta humo.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Kelly Hoffman na wenzake, walitoa utafiti wao juu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wanafunzi Wazungu 222. Waliwapa sentensi juu ya miili ya watu weusi na weupe, nyingine za uongo mtupu: kwamba ngozi ya mweusi ni nene zaidi, kwamba mishipa yake ya fahamu haisikii sana. Karibu nusu yao waliafiki angalau uongo mmoja. Na walioafiki ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo na kumpendekezea tiba isiyofaa. Hao si wazee wa kijijini. Hao ni watu wanaoandaliwa kushika kalamu inayoandika sita.

Uongo huo una ukoo mrefu. J. Marion Sims, anayeitwa baba wa upasuaji wa akina mama, alijifunza kazi yake Alabama miaka ya 1840 kwa kuwapasua wanawake watumwa bila dawa ya ganzi, na majina ya watatu tunayo: Anarcha, Lucy na Betsey. Sanamu yake ilisimama New York mpaka Aprili 2018.

Lakini utafiti ulioniingia zaidi ni wa mifupa. Atlanta, mwaka 2000, Knox Todd na wenzake walipekua mafaili ya watu waliofika chumba cha dharura wakiwa wamevunjika mikono au miguu. Wazungu 74 kati ya 100 walipewa dawa ya maumivu. Weusi, 57. Tafakari hapo. Mfupa uliovunjika unaonekana kwenye eksirei, hata mtoto utamwonyesha auone. Kama maumivu ya kitu kinachoonekana hayaaminiki sawasawa, mgongo utaaminikaje? Mgongo hauna picha ya kukutetea. Wengi wenye maumivu ya kiuno hawana kitu kimoja kwenye picha unachoweza kukigusa kwa kidole ukasema hiki hapa. Na kinyume chake pia: wakiwapiga picha watu wasioumwa popote, wa miaka 20 tu, zaidi ya thuluthi moja wanaonekana diski zimeanza kuchakaa. Kwa hiyo kila kitu kinabaki kwenye neno lako, jinsi unavyolisema, na nani anakusikiliza.

Kuna na ule wa mwaka 2008, uliojumlisha ziara za vyumba vya dharura vya nchi nzima kuanzia 1993 hadi 2005. Waliofika na maumivu, Wazungu asilimia 31 walipewa dawa za jamii ya afyuni, weusi 23, Walatino 24. Miaka kumi na mbili pengo halikuziba. Na hata ukiandikiwa, ukienda dukani? Mwaka 2000 mjini New York waligundua kwamba katika mitaa ya Wazungu maduka 72 kati ya 100 yalikuwa na akiba ya kutosha ya dawa hizo, na katika mitaa ya wasio Wazungu 25.

Najua mtakachoniambia, maana shemeji yangu ameshaniambia: mshukuru Mungu basi, vidonge hivyo vimeua watu. Kweli. OxyContin, kidonge kikali cha jamii hiyo ya afyuni, iliingia sokoni mwaka 1996, na walioandikiwa kirahisi ndio waliozikwa kwanza, Wazungu maskini wa West Virginia na Kentucky, wachimba makaa wenye migongo kama yetu. Kunyimwa kwa chuki kukageuka kinga kwa bahati. Siwezi kusherehekea kinga ya namna hiyo. Na mimi vidonge hivyo sivitaki, kama nilivyosema sikuviomba. Nililotaka ni kuaminiwa ili nipewe kile kinachosaidia.

Maana kinachosaidia kinajulikana. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa tiba ya ndani wa Marekani kilitoa mwongozo: kwa maumivu sugu ya kiuno, anza na visivyo vidonge. Mazoezi, fiziotherapia yaani tiba ya viungo, yoga, tiba ya kuzungumza inayokufundisha kuishi na maumivu, hata akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchomwa visindano. Vidonge baadaye. Mwongozo mzuri sana. Sasa uusome kwa jicho la mtu wa zamu. Vitu vyote hivyo vinaliwa kwa muda. Kidonge unameza ukiwa kwenye basi. Fiziotherapia inataka ufike mwenyewe, mara mbili kwa wiki, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, na uwe na nguvu ya kurudi tena wiki ijayo. Zamu yangu inaanza saa tisa alasiri mpaka saa tano usiku, na asubuhi nina kazi ya pili kwenye nyumba ya walemavu, kama karibu kila mtu ninayemjua. Bima yangu inataka nitoe kwanza dola 3,000 mfukoni ndipo ianze kuchangia kwa maana. Mwongozo umeandikwa kwa ajili ya mtu anayemiliki saa zake. Tajiri akiumwa mgongo ananunua muda. Sisi tumeuza wetu, tena tumeuuza kwa saa.

Nilikwenda hatimaye, kwa kumpa binti yangu wa kwanza kazi ya kuwapeleka wadogo zake shule. Na kaka, ile kitu inafanya kazi! Mtaalamu wa fiziotherapia alikuwa mwanamama wa Saint Paul, wa Kihmong, jamii iliyotokea Laos, hana maneno mengi. Alinipa karatasi yenye vikatuni: lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu kumi, shusha. Piga magoti na mikono, nyoosha mguu wa kushoto nyuma na mkono wa kulia mbele. Tembea nusu saa kila siku. Natandika kanga sebuleni saa sita usiku nikitoka kazini na kufanya mazoezi hayo huku wanangu wakubwa wananirekodi. Kutembea kulinishinda mpaka nilipogundua siri ya watu wa hapa: asubuhi barafu ikiwa imefunika njia, wazee wanatembea ndani ya maduka makubwa kabla hayajafunguliwa. Nikajiunga nao siku za mapumziko. Siku hizi soksi navaa mwenyewe. Ganzi imebaki kidole kimoja.

Lakini sitaki mtu asome hapa aone ni suala la rangi peke yake, kwa sababu si kweli. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, waliuliza watu mwaka 2019, wakakuta watu wazima 39 kati ya 100 walikuwa wameumwa mgongo katika miezi mitatu iliyopita, na Wazungu ndio waliosema ndiyo zaidi kuliko weusi na Walatino, Waasia wakiwa wa mwisho. Kinachopanda bila kigugumizi ni umaskini: kadiri kipato kinavyoshuka ndivyo migongo inavyouma. Weusi wakishaumwa, tafiti zinaonyesha wanaumwa kwa ukali zaidi na maisha yanakwama zaidi. Mimi nina maelezo yangu yasiyo ya kisayansi: ukiniuliza kwa simu kama naumwa mgongo nitakwambia sijambo, mpaka siku nishindwe kusimama.

Yule Mzungu wa Iron Range ni ushahidi wangu wa pili. Baba yake alikuwa mchimba chuma, yeye kaja mjini kutafuta riziki kama sisi. Mgongo wake umeharibika kuliko wangu. Madaktari wanamwamini mara moja, anasema mwenyewe, wanamwita kwa jina lake la kwanza na kumpigapiga bega. Wanamwandikia kila kitu, kisha anakunja karatasi na kuiweka mfukoni kwa sababu hana pesa ya kukifuata. Tukikaa naye chumba cha mapumziko tunataniana: yeye ana cheti cha kuaminiwa hana nauli, mimi nauli nimechangachanga ila cheti bado.

Rangi na mfuko vinakutana vibaya zaidi kwenye fidia. Raymond Tait na John Chibnall wa Chuo Kikuu cha Saint Louis walifuatilia watu wa Missouri waliodai fidia baada ya kuumia kiuno kazini. Weusi walikuwa wametibiwa kwa gharama ndogo zaidi, madai yao yakafungwa kwa pesa kidogo zaidi, na baada ya faili kufungwa wao ndio waliobaki na maumivu makubwa zaidi na shida zaidi za pesa. Wenye kipato cha chini hivyohivyo. Yaani mahali palipowekwa maalumu kumlipa mtu aliyeumizwa na kazi, napo pana mizani mbili.

Ndiyo maana wenzangu wa hapa Minnesota nawasihi mambo machache, na huko majimbo mengine muulize ya kwenu. Toa taarifa kazini, kwa maandishi, ndani ya siku 14 ukiweza. Kikomo cha kawaida ni siku 180. Usiseme "sikuanguka kwa hiyo hainihusu". Tangu mwaka 1960, katika kesi ya Gillette na Harold, Mahakama Kuu ya Minnesota ilikubali kwamba jeraha linaloingia kidogokidogo kwa kurudia kazi ileile ni jeraha la kazi; mawakili wa hapa bado wanaliita kwa jina hilo, Gillette. Kama huna makaratasi ya kuishi Marekani, fidia ya kuumia kazini bado ni haki yako hapa, Mahakama Kuu ilishaamua hivyo mwaka 2003. Ukikubaliwa, matibabu yanalipwa na ukishindwa kufanya kazi unapata theluthi mbili ya mshahara. Na tangu Januari 2024 kila saa 30 unazofanya kazi zinakupa saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, mpaka 48 kwa mwaka. Itumie kwa fiziotherapia. Watu wanaitunza kama akiba ya harusi.

Kwa daktari, fuata ushauri wa bibi yangu mwalimu. Achana na sita. Sema: siwezi kuvaa soksi, siwezi kusimama kusonga ugali, naamka saa nane usiku na silali tena. Akikataa kitu ulichoomba, mwombe kwa upole aandike kwenye faili kwamba umeomba na sababu ya kukataa. Utashangaa vidole vinavyosita juu ya kibodi. Na ukiona mkojo haujizuii, au ganzi katikati ya mapaja, au miguu yote inalegea, hapo hakuna miadi, ni chumba cha dharura usiku huohuo.

Kuna kaka mmoja wa Kikongo tunasali naye, alikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, sasa anapanga makasha kwenye ghala la nyama iliyogandishwa. "Dada, mugongo inaniuma sana," aliniambia baada ya ibada, na alisema akitabasamu, kama sisi wote. Nilipomuuliza daktari alisemaje, akasema hajui vizuri kwa sababu aliyetafsiri ni mwanawe wa darasa la sita. Mtoto wa darasa la sita anamweleza daktari habari za nyonga za baba yake! Hospitali inayopokea pesa za serikali kuu inatakiwa kutoa mkalimani bure, kwa msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na kanuni zinakataza kumtumia mtoto isipokuwa kwa dharura. Hakuna aliyemwambia.

Alhamisi ana miadi mingine. Nimebadilishana zamu na mama mmoja wa Kiliberia ili nimsindikize. Mkalimani wa Kiswahili tumeshamwomba kwa simu, na mtu wa mapokezi amethibitisha. Tumekaa naye mezani tukaandika tarehe alipoanza kuumwa, uzito wa yale makasha, na mambo matatu asiyoweza tena kuyafanya. Mwanawe siku hiyo atakuwa shuleni.